Jumatano ya Muyinga

Kikao kikuu cha familia kilifanyika jikoni, Jumapili baada ya misa, wajumbe wote wawili wakiwa wamehudhuria. Venansi, fundi cherehani wa mtaa wa Magarama mjini Gitega, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuongoza mjadala. Mkewe Melania alikuwa anasonga ugali, kwa hiyo alishiriki akiwa amempa mwenyekiti mgongo. Ajenda ilikuwa moja: paa.

Paa lenyewe lilikuwa la vigae vya udongo, vizee, vimeota ukungu wa kijani na kupasuka kila kimoja kwa mtindo wake. Kwa miaka kumi na moja, kila mvua ilipoanza, Melania alipanga vyombo: beseni la bluu katikati ya sebule, sufuria ya maharage kando ya kitanda, kikombe cha bati karibu na mto, ambacho kazi yake ilikuwa kulia tik, tik, hadi mtu atamani kukitupa barabarani. Alikuwa na uwezo wa kuvipanga macho yakiwa yamefumba, na mara nyingi ndivyo alivyofanya, maana alikuwa amechoka.

"Mama Happy," Venansi alisema, "mwaka huu tunaezeka bati."

"Ego," Melania alijibu, yaani ndiyo, kwa Kirundi cha mtu asiyeamini. "Na mwaka jana ulisema."

"Mwaka jana nilipendekeza. Mwaka huu natangaza."

"Na fundi utamlipa nini?"

"Fundi ni mimi."

Melania aligeuka, mwiko mkononi. "We ni fundi wa suruali."

"Paa na suruali ni ndugu. Vyote vina kiuno, vyote vina pindo, na vyote vikilowa aibu ni ya mwenyewe."

Hakuwa anatania sana. Pesa za sare za shule, zile za Agosti na Septemba, zilikuwa zimeingia, na baada ya kumpeleka binti yao Happy shule ya bweni zilibaki za kutosha mabati na misumari. Hazikutosha mabati, misumari na mtu wa kuigongelea. Ndiyo maana shughuli yote ilikuwa inaangukia Oktoba, mwezi ambao mwenye akili timamu hafungui paa. Kiangazi kilipokuwepo pesa hazikuwepo, na pesa zilipokuja, mawingu yalikuja nazo mkono kwa mkono.

Na kuta zilikuwa za rukarakara, matofali ya udongo yaliyokaushwa juani bila kuonja moto. Rukarakara ni tofali zuri likiwa na kofia kichwani. Ukilivua kofia mvuani, linakumbuka kwamba lilikuwa tope.

Melania aliweka mwiko chini. "Papa Happy, sikia vizuri. Mi sina nguvu ya kuhama. Sina nguvu ya kuanza nyumba nyingine. Ukivua hii nyumba, uivike haraka. Kuta zikianguka, mi sisimami tena kuzijenga. Nitakaa chini tu, hapo hapo."

"Siku moja," Venansi aliapa. "Jumanne ya wiki ijayo tunavua, Jumatano tunavika."

Azimio likapita. Ugali ukaliwa.

Alhamisi Venansi alikwenda Muyinga. Mteja wake mmoja alimwambia kwamba mabati yanayovuka kutoka Tanzania yanauzwa pale kwa bei ya kibinadamu. Alichukua tepu yake ya kupimia nguo na daftari la wateja, ambamo alikuwa ameandika vipimo vya paa kwa namna pekee aliyoijua. Jina la mteja: Nyumba. Kiuno. Mguu wa kulia. Mguu wa kushoto. Nyongeza ya pindo.

Nyuma ya soko alimkuta Zihalirwa, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, mtu mnene mwenye koti la suti na ndara, akiwa amekaa juu ya bidhaa yake kama mfalme juu ya kiti kinachounguza.

"Karibu muzee, karibu papa! Hii mabati iko ya Tanzania, haina hata tundu moja. We piga tu kidole."

Venansi alipiga kidole. Bati liliitika vizuri. Lakini sikio lake lilikuwa limekwama penginepo.

"Haya mabati," alisema.

"Voilà, hii mabati!"

"Hapana. Si *hii* mabati. *Haya* mabati."

"Ya Tanzania kabisa, muzee!" Zihalirwa alikubali kwa furaha.

Huo ulikuwa ugonjwa wa Venansi, na ulikuwa na historia. Alizaliwa Katumba, Tanzania, katika makazi ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka sabini na mbili, akasomeshwa na walimu wa Kitanzania waliokuwa wanashika chaki mkono mmoja na fimbo mkono wa pili. Aliporudi Burundi akiwa mtu mzima, kila kitu chake kilichekwa. Kirundi chake kiliwavunja wakwe zake mbavu. Kifaransa hakuwa nacho. Kiswahili ndipo mahali pekee aliposimama na kuonekana mrefu, na alikuwa anapalinda. Alisahihisha wateja, alisahihisha tangazo la kanisani, siku moja alimsahihisha mtu aliyekuwa anapiga kelele za mwizi. Watoto wa Magarama walimwita Mzee Sanifu, na yeye, maskini, alidhani wanamsifu.

Zihalirwa alipokea daftari, akasoma, akacheka hadi koti likafunguka kifungo.

"Kiuno! Muzee, unashonea nyumba kaptura?"

"Hesabu ni hesabu. Utaniletea lini?"

"Gari yangu iko inatafuta mafuta, mazutu. Unajua mambo ya mazutu, we mwenyewe unaona foleni. Donc, si ya kuharakisha. Tuweke siku ya tano ya wiki yenye inakuja. Siku ya tano asubui, mi niko kwako Magarama na mabati yote."

Venansi alifumba macho, kama mtu aliyeuma changarawe kwenye wali. Siku ya tano! Hata siku za wiki, viumbe wasio na kosa, watu hawa walizikata miguu.

"Jumatano," alisema polepole. "Sema Jumatano."

Zihalirwa alikuwa mfanyabiashara, na hakuona sababu ya kugombana na mteja kwa ajili ya jina la siku. "Bien sûr, muzee. Jumatano. Siku ya tano."

"Umeona? Si vigumu."

"Si vigumu hata kidogo."

Wakashikana mikono kwa heshima kubwa, kila mmoja akiwa na siku yake mfukoni.

Jumanne nyumba ilivuliwa. Kasiano, binamu yake Melania, alifika alfajiri kutoka Bukirasazi na gari dogo la kukodi lililobeba miti ya mikaratusi. Mapatano yalikuwa ya kifamilia na yasiyo na noti: yeye analeta miti mipya ya kenchi, anaondoka na vigae vilivyo vizima, akaezekee zizi lake la mbuzi. Kasiano alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mirefu. Alipanda juu, akaanza kuteremsha vigae kimoja kimoja, Melania akipokea na kupanga. Ilipofika saa nane mchana gari liliondoka limejaa, na mbuzi wa Bukirasazi wakawa na paa bora kuliko watu wa Magarama.

Venansi alibaki na miti, nyundo na misumari. Vidole vyake, vilivyozoea uzi na sindano, viliichukulia nyundo kama tusi. Aligonga msumari mara mbili na kidole mara moja, kwa mpangilio huo, bila kukosea. Hadi jua linazama, mgongo wake ulikuwa umekataa kunyooka, lakini kenchi zilisimama, na mbingu haikutoa hata tone.

Jumatano asubuhi alioga, akavaa shati safi la kupokelea mabati, akasimama kando ya barabara.

Saa tatu ilipita. Saa nne ikapita, ikiwa na watu wengi waliokwenda kwa miguu na kila mmoja akauliza swali lilelile: paa liko wapi? Kufikia saa sita Emerensiana, jirani yao mjane anayeuza mchele mbele ya nyumba yake, alishindwa kuvumilia.

"We Venansi! Huko Tanzania nyumba zinakaa bila kichwa?"

"Lori liko njiani, mama."

"Njia gani? Ya Muyinga ama ya mbinguni? Maana naona umefungua huko juu."

Venansi aliitoa simu tena. Alikuwa amempigia Zihalirwa mara tisa na simu ilikuwa inamwambia kwa sauti ya msichana mpole kwamba mtu huyo hapatikani. Mara ya kumi ikaita.

"Allô, muzee! Habari ya Gitega?"

"Uko wapi?"

"Mi niko hapa Muyinga, kwenye foleni ya mazutu. Banasema kesho jioni njo itafika."

"Kesho jioni? Bwana Zihalirwa, leo ni Jumatano!"

"Ndiyo, muzee. Leo siku ya tatu."

Venansi aliiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Leo iko siku ya ngapi?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuiweka *iko* mahali pale, na hakugundua.

"Ya tatu. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Siye tuliongea siku ya tano, sindiyo? We mwenyewe ulikubali. Ulifurahi hata."

Melania alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa udongo wa kuziba nyufa. Alisubiri simu ikatwe. "Alisema nini?"

"Anakuja Ijumaa."

"Kule Muyinga alikwambia Ijumaa?"

"Aliniambia siku ya tano."

Melania alikaa juu ya kizingiti, polepole. "Siku ya tano. Ku wa gatanu. Papa Happy, hata mtoto wa Bukirasazi anajua. Unaanza siku ya kazi ya kwanza, unahesabu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine, ya tano. Inakuwa Ijumaa."

"Kwa Kiswahili sanifu," Venansi alianza, kwa mazoea tu, kama kuku anayekimbia baada ya kuchinjwa, "mosi ni Jumamosi, kwa hiyo ukihesabu kuanzia Jumamosi..."

"Nani anaanza wiki Jumamosi? Jumamosi watu wamechoka."

"Ndivyo ilivyo, Mama Happy, sikuitunga mimi."

"Papa Happy."

"Naam."

"Angalia juu."

Aliangalia. Hapakuwa na haja ya kuangalia mbali, maana hapakuwa na paa la kuzuia macho. Upande wa Karuzi wingu lilikuwa limekaa, zito, rangi ya chuma cha pasi.

Alimpigia Kasiano amrudishie vigae. Kasiano, kwa maneno yake machache, alisema: "Nimeshaezeka." Nyuma yake mbuzi walisikika wakishangilia.

Venansi alijitayarisha kwa ngurumo ya mkewe. Alikuwa ameshapanga utetezi wenye sehemu tatu. Lakini Melania hakunguruma. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na beseni la bluu. Akaliweka katikati ya sebule, mahali pake pa siku zote, chini ya mbingu nzima. Kisha akavuta kigoda, akakaa kando yake, akatulia.

Angetukanwa kwa lugha zote za Maziwa Makuu, Venansi angevumilia. Beseni lile lilimshinda.

Alitoka mbio. Kibanda chake cha ushonaji kilikuwa hatua mia mbili tu, na toroli aliazima njiani bila kuomba. Alirudi akisukuma cherehani barabarani, meza na yote, pedali ikigongagonga, watu wakipisha kana kwamba kuna mgonjwa. Akaiteremsha uani, akavuka kwa Emerensiana.

"Mama, naomba viroba."

"Viroba vya mchele?"

"Vitupu. Vyote."

Emerensiana alitazama wingu, akatazama nyumba, na mzaha ukamtoka usoni. Aliingia ghalani, akatoka na mzigo mzima. "Utanirudishia bila matundu."

"Mama, naenda kuvishona."

"Ndiyo maana nasema."

Viroba peke yake havikutosha. Vilifunika miguu, havikufunika kiuno, yaani pale juu kabisa ambapo maji yote huanzia safari. Venansi alisimama uani, akafikiri, kisha akaingia chumbani na kutoa sanduku la chini ya kitanda. Ndani, chini ya vyeti na picha, palikuwa na shitingi, turubai la plastiki alilopewa siku aliyovuka mpaka kurudi. Chini ya shitingi ile aliishi mwaka mzima. Chini yake ndipo Melania alipomkuta, akamcheka Kirundi, akaolewa naye hata hivyo. Siku walipohamia kwenye nyumba ya vigae Venansi aliikunja na kuapa kwamba hataitandika tena juu ya kichwa cha mke wake.

Melania aliiona mikononi mwake. "Nilijua haukuitupa."

"Nilisema nimeitupa."

"Ulisema. Leta huku, nishike ncha."

Wakashona. Shitingi katikati, viroba pembeni, safu ya juu ikilalia ya chini ili maji yateleze bila kupata mlango. Venansi alikanyaga pedali, Melania akavuta na kugeuza lile dubwana lililokuwa linazidi kukua, likajaza ua, likapanda juu ya ndoo, likamfunika kuku. Sindano ya kwanza ilivunjika kwenye plastiki, ya pili ikavunjika kwa kumuiga mwenzake. Ya tatu ilifika mwisho. Matone ya mwanzo yalipoanguka juu ya meza ya cherehani, Venansi alikata uzi kwa meno, na wapita njia wanne, ambao walikuwa wamesimama kucheka, wakajikuta wanasaidia kuvuta. Walilifunga kwenye kenchi kwa mapindo ya vitambaa, wakaligandamiza kwa mawe.

Nyumba ya Venansi ilisimama pale Magarama imevaa, na kifuani pake, kwa herufi nyekundu, iliandikwa mara nyingi: MCHELE SAFI DARAJA LA KWANZA.

Mvua ya Jumatano ilikuwa ya adabu. Ilinyesha, ikaona kazi iliyofanyika, ikaondoka. Kuta zilikauka. Venansi alilala kwa kiburi kidogo, na hilo lilikuwa kosa.

Ya Alhamisi haikuwa na adabu. Ilianza saa saba mchana na haikuuliza mtu. Maji yalijaa kwenye mikunjo ya shitingi, yakatengeneza matumbo makubwa yaliyoning'inia sebuleni kama mimba ya ng'ombe, na ilibidi kila tumbo lisukumwe juu kwa mti, limwage, lijae tena, lisukumwe tena. Venansi alichukua mti wa ufagio, Melania akachukua mchi wa kutwangia. Walisimama mgongo kwa mgongo katikati ya sebule, mikono juu, kama watu waliokamatwa na askari.

Saa nzima ilipita. Ya pili ikafuata. Hakuna anayeweza kusukuma mbingu kwa muda mrefu na kubaki mchangamfu.

"Papa Happy."

"Naam."

"Mikono yako imechoka?"

"Haijachoka."

"Muongo."

"Imechoka."

"Basi tubadilishane. Yangu imechoka upande mwingine."

Walibadilishana. Maji yalimwagika nje, yakapiga kelele, yakarudi.

"Nilimsikia," Venansi alisema baadaye. Ilikuwa rahisi kusema bila kutazamana. "Nilimsikia kwa masikio yote mawili akisema siku ya tano. Niko huku miaka mingapi? Naijua siku ya tano. Lakini nilifikiri anakosea, nikawa na shughuli ya kumsahihisha."

"Najua."

"Umejuaje na hukuwepo?"

"Nimekaa na wewe miaka kumi na sita. Ukiletewa chakula unasahihisha kwanza jina lake."

Venansi aliguna. Alikuwa anainua tena mti wa ufagio pale mshono ulipoachia. Haukupasuka kwa kishindo. Uliachia polepole, tundu baada ya tundu, juu ya ukuta wa nyuma wa chumba cha kulala, na maji yakateremka kwenye udongo kama chai kwenye mkate. Walikimbia wote wawili. Venansi aliupachika mgongo wake kwenye ufa wa shitingi, akiwa amepanda juu ya kitanda, Melania akajaza nguo, shuka, koti la Jumapili, chochote. Chini yao ukuta ulilainika, ukatoa tumbo, ukafikiri. Kisha kipande chenye ukubwa wa mlango wa kabati kikaporomoka kuelekea nje, juu ya tuta la lengalenga, yaani mchicha, la Emerensiana, kwa sauti ya mtu mnene anayekaa kwenye kochi.

Melania alikaa chini. Hapo hapo, kwenye tope, kama alivyokuwa ameahidi jikoni.

Venansi alibaki juu ya kitanda, mgongo umezuia maji, hawezi kushuka wala kumfikia. "Mama Happy," aliita. "Melania. Inuka kidogo. Ni kipande kimoja tu. Vingine vimesimama, angalia. Ukuta wa mbele uko. Wa sebule uko. Mimi nikitoka hapa vyote vinakwenda, na peke yangu sifiki upande ule. Nakuomba."

Hakuwa na hotuba wala sehemu tatu. Melania alimtazama pale juu, shati la kupokelea mabati limegeuka kahawia, maji yanamtoka kwenye nywele hadi puani.

"Nilisema nitakaa chini."

"Ulisema. Na mimi nilisema siku moja."

Alikaa kidogo tena, ili ahadi yake ihesabike. Kisha akashika ukingo wa kitanda, akajivuta, akaokota mchi, akarudi sebuleni kwenye matumbo ya maji. Mvua ilikatika karibu na saa kumi na mbili. Hakuna aliyeshangilia. Walikaa juu ya ndoo mbili wakikamua maji kwenye nguo zao.

Siku ya tano, asubuhi, kama alivyosema, Zihalirwa aliwasili Magarama na mabati yote. Alishuka kwenye lori akiwa na koti lake na ndara zake, akaona nyumba iliyovaa viroba, akaona shimo la ukuta, akaona sura za wenye nyumba. Midomo yake, iliyokuwa imeandaa kicheko, ikafunga duka.

"Muzee, pole. Pole sana, mama. Mi nilisikia unasema Jumatano, nikajua ya kwenu iko siku ya tatu. Lakini nikasema siku ya tano, ukasema nimeweza. Nikasema basi, muzee anajua."

"Nilijua," Venansi alisema.

"Mabati yako iko hapa. Yote iko."

Venansi alikuwa na la kusema kuhusu sentensi hizo mbili. Lakini alikuwa amechoka, na mabati, kwa kweli, yalikuwa pale.

"Asante, bwana Zihalirwa," alisema.

Zihalirwa alivua koti, akalitundika kwenye kioo cha lori, akaacha ndara chini na kupanda kenchi pekupeku, jambo ambalo kenchi hazikulitarajia. Alikuwa anajua kugonga. Venansi alishika ncha, Melania akapitisha misumari kutoka chini, dereva wa lori akalala usingizi kwa niaba ya wote. Vipimo vya daftari vilikuwa sawa, kiuno na miguu yote miwili, isipokuwa pindo, lililozidi kiasi cha kumpa kila mpita njia kivuli cha bure. Kufikia saa tisa alasiri hapakuwa na mahali juu ya nyumba ile pa kuchungulia mbingu.

Lori lilipoondoka, Venansi alichanganya udongo na maji kwenye beseni la zamani, akaenda chumbani kuziba shimo. Alikuwa anakwenda kama mzee wa miaka tisini anayetafuta miwani. Melania alikuwa amekaa kitandani, godoro likiwa nje juani.

"Usizibe," alisema.

"Nisizibe?"

"Weka dirisha. Miaka yote navaa humu gizani, natoka nje nguo iko nyuma mbele. Zungushia mbao, utapata kioo siku ukipata."

Venansi alilitazama shimo. Halikuwa na pembe hata moja iliyonyooka, na bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka. "La ukubwa gani?"

"Huo huo. Mvua imeshakata. We pinda tu."

Alifikiria hilo, akaona halina kosa la kusahihishwa. Akakaa sakafuni kulifikiria zaidi, mgongo ukutani, na kabla ya wazo la pili kufika alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono yenye tope juu ya magoti.

Melania hakumwamsha. Alisogeza kigoda hadi kwenye shimo, akakaa, akaweka viwiko juu ya rukarakara iliyobaki. Upande wa pili Emerensiana alikuwa ameinama juu ya tuta lake, anaokoa lengalenga kutoka kwenye udongo. Alipoinua kichwa wakakutana macho kwa macho, hatua nne tu.

"Melania! Kumbe uko na dirisha huku?"

"Tangu jana."

"Sasa utakuwa unaniangalia siku zote?"

"Nani ana nguvu ya kukuangalia, mama," Melania alisema. "Nimekaa tu."